Moshi wa Tarehe Kumi na Moja

Jalada lilikuwa na kurasa hamsini na nane, na Mkaguzi alikuwa amezisoma zote mara mbili kabla Profesa hajafika ofisini asubuhi ile. Hapakuwa na mstari uliofutwa, wala tarehe iliyorukwa, wala doa la chai. Katika miaka kumi na minne ya kukagua hospitali, alikuwa hajawahi kuona jalada la wodi lisilo na doa la chai. Akarudi ukurasa wa kwanza.

Hakuitwa kuchunguza. Aliitwa kuweka saini. Wodi ya kiharusi ilikuwa na vitanda vinane vya utafiti, na kwa kanuni za utafiti wenyewe, mgonjwa aliyekwisha kuingizwa hatolewi mpaka mtu wa nje, kutoka Bodi ya Kulinda Wagonjwa, asome jalada lake na kuridhika. Mtu wa nje safari hii alikuwa yeye. Profesa ndiye aliyeomba aletwe yeye na si mwingine.

Mgonjwa wa kutolewa alikuwa fundi cherehani wa miaka sitini na mmoja, kitanda namba tano. Wiki sita zilizopita alianguka kifudifudi juu ya cherehani yake, suruali ya shule ya mtoto wa watu ikiwa imeshonwa mguu mmoja. Mkono wa kulia ukapooza, na maneno yakamtoka yote isipokuwa moja: bado. Ukimuuliza kama amelala vizuri, bado. Ukimuuliza jina la binti yake, bado.

Maelezo ya kumtoa yalikuwa mafupi. Kuanzia tarehe nne hadi tarehe kumi, fundi alidungwa antibayotiki mbili kali ambazo hazikuwa zake. Zilikuwa za jirani yake wa kitanda namba nne, mwenye maambukizi ya kifua. Kila wiki muuguzi hunakili dawa za kila mgonjwa kwenye karatasi mpya. Muuguzi wa wodi, ambaye wote walimwita Sista, alinakili dawa za kitanda cha nne kwenye karatasi ya kitanda cha tano, kisha akamdunga mtu siye wiki nzima. Ndivyo jalada lilivyosema. Saini zake arobaini na mbili zilikuwa pale: dawa mbili, mara tatu kwa siku, siku saba.

Kwenye wodi nyingine kosa kama hilo lingeishia kwenye barua ya onyo. Hapa lilimnyang'anya mgonjwa kitanda, kwa sababu ya kile kilichokuwa kikitafitiwa. Bakteria wanaoishi utumboni, wakipata mayai, nyama au samaki, hutengeneza kemikali ambayo ini huigeuza na kuiachia izunguke kwenye damu. Profesa alikuwa amewapima kemikali hiyo wagonjwa mia mbili na sita. Hoja yake ilikuwa kwamba mwenye nyingi katika wiki ya kwanza baada ya kiharusi hupona vibaya, na mwenye kidogo hupona vizuri. Wodini waliiita moshi, na jina hilo lilikuwa la Profesa mwenyewe. Bakteria ni moto, aliwaambia wanafunzi wake, na kile kilichomo kwenye damu ni moshi wake. Pafukapo moshi hapakosi moto. Antibayotiki huzima moto, na moshi huisha ndani ya siku chache, ukachukua wiki kadhaa kurudi. Mgonjwa aliyezipata hana tena kazi kwenye utafiti, na asiye na kazi kwenye utafiti hana kitanda. Huenda nyumbani, kama jirani wa kitanda namba nne alivyokwenda alipomaliza dozi zake.

Nyumbani kwa fundi hakukuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mkono uliopooza hufundishwa katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo hujifunza kwa shida, au haujifunzi kabisa. Jopo la wodi lilikuwa likutane saa tisa alasiri kuthibitisha. Mgonjwa wa kuchukua kitanda alikuwa ameshapigiwa simu.

Profesa aliingia saa mbili na robo, koti jeupe mkononi, akiomba radhi kwa kumchelewesha mgeni wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Bado uko nalo tu? Mimi nilidhani utakuwa umeshamaliza, tunywe chai."

Alikuwa na haki ya kumwita hivyo. Ndiye aliyemfundisha kusoma chati, ndiye aliyemwandikia barua ya kwanza ya kumsifia kazini, na siku ya harusi yake ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba yake marehemu. Sasa aliketi pembeni ya meza yake mwenyewe, akamwachia yeye kiti kikubwa, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba hakutaka Sista afukuzwe. Msichana ni mchapakazi, alisema, ila amechoka. Ingetosha kuandika kwamba binadamu hukosea. Fundi naye alimsikitikia, tena sana, lakini kanuni ni msumeno.

Mkaguzi alimuuliza aligundua lini kosa lile.

"Ijumaa, tarehe kumi na tano. Nilikuwa nakagua karatasi za wiki iliyopita. Sikuamini macho yangu."

"Kabla ya hapo hukujua?"

"Ningejua ningeacha ifike Ijumaa?"

Mkaguzi akaliandika jibu kwenye daftari lake, neno kwa neno, na tarehe akaipigia mstari. Hilo nalo alifundishwa na yeye: ukimhoji mtu, andika alichosema, si ulichoelewa.

*

Mkaguzi alimkuta binti wa fundi ameketi ukingoni mwa kitanda namba tano, akimshikilia baba yake mkono wa kulia. Vidole vya mzee vilikuwa vimepitishwa kwenye matundu ya mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, na chini ya mkasi kulikuwa na ukurasa wa gazeti. Kidole gumba kilisogea. Mkasi ukajifunga nusu, ukakwama. Kipande cha gazeti chenye upana wa ukucha kikaning'inia.

Binti alieleza kwamba mkasi aliuleta wiki tatu zilizopita, kwa siri, kwa sababu mipira ya mazoezi baba yake aliikataa na kuitupa chini. Mkasi hakuutupa. Siku ya nne kidole kilitikisika. Wiki hii alikuwa anakata. Mkaguzi akauliza kama Profesa aliona.

"Aliona mapema, hata kabla ya mtu wa mazoezi. Alisimama hapo ulipo akaangalia muda mrefu. Hakusema kitu. Nikajua amefurahi, wakubwa wana namna yao ya kufurahi."

Mzee alimtazama Mkaguzi kuanzia viatuni kwenda juu, kama wapimavyo wenye kazi hiyo, akakomea magotini. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea pindo la sketi yake.

"Bado," alisema.

"Anasema pindo lako limeachia, mama," binti alisema. "Samahani. Hata daktari mkuu alionyeshwa kifungo kilicholegea."

Mkaguzi aliinama akaangalia. Lilikuwa limeachia kweli, kama inchi mbili. Akamshukuru mzee, kisha akamuuliza binti kama kati ya tarehe nne na kumi alimwona yeyote akimdunga baba yake sindano. Binti alifika kila siku kuanzia saa nne hadi jioni. Hakuona. Tena angeona, maana wodi nzima ingesikia: baba yake amekula miaka arobaini kwa sindano, lakini ya hospitali humfanya ashikilie chuma cha kitanda kama anataka kung'olewa.

Hilo halikuthibitisha kitu. Dozi za usiku na za alfajiri binti asingeziona, na mapenzi ni shahidi mbaya. Mkaguzi akahamia kwenye karatasi zilizoning'inia miguuni pa kitanda. Joto la mwili kwa wiki ile: thelathini na sita nukta sita, thelathini na sita nukta tano, thelathini na sita nukta saba. Mrija wa mshipani ulitolewa tarehe ishirini na sita ya mwezi uliotangulia, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ulirudishwa. Dawa zile hupitishwa mshipani. Mtu aliyezitoa mara arobaini na mbili bila mrija angekuwa amemtoboa mgonjwa mara arobaini na mbili, au angekuwa amesahau kuandika kwamba alimwekea mwingine. Muuguzi aliyechoka husahau. Kwa hiyo hata hilo lilikuwa na mlango wa nyuma.

"Baba anaenda nyumbani leo?" binti aliuliza. "Wamenionyesha begi la kupakia vitu vyake."

"Usipakie mpaka saa tisa."

*

Sista alihojiwa kwenye chumba cha mashuka, kwa sababu ndicho pekee chenye mlango unaofungika. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, mikono imepauka kwa sabuni. Alikaa juu ya rundo la mablanketi na hakujaribu kutabasamu.

Alikana moja kwa moja. Dawa za kitanda cha nne alimpa mtu wa kitanda cha nne. Fundi hakumdunga chochote. Mkaguzi alimwekea karatasi ya wiki mapajani akamuuliza saini ni za nani.

"Zangu."

"Zote?"

"Zote zangu."

Majina ya dawa mbili yalikuwa yameandikwa kwa herufi kubwa, ambazo mtu yeyote anaweza kuziandika. Saini zilikuwa jambo jingine. Mkaguzi alikuwa ameziangalia kwa lenzi asubuhi ile: wino mmoja, mwinamo mmoja, shinikizo moja, kutoka Jumatatu alfajiri hadi Jumapili usiku, kana kwamba mkono haukuinuliwa. Akatoa ratiba ya zamu. Jumamosi tarehe tisa na Jumapili tarehe kumi Sista hakuwa kazini. Usiku wote wa wiki ile zamu ilikuwa ya mwingine.

"Umesaini dozi za siku ambazo ulikuwa kwako umelala. Ama wewe ni mchawi, ama unanificha kitu."

Nje, toroli la chakula lilipita likagonga ukuta.

Kisha Sista alieleza, akitazama mablanketi. Jumapili tarehe tatu Profesa alimwita. Kesho yake wageni wa kukagua utafiti walikuwa wanafika, na alitaka karatasi mpya za vitanda vyote vinane ziwe tayari, nadhifu, bila nafasi nyeupe za kuulizwa. Sista alinakili dawa zote. Mwisho wa kila karatasi zilibaki safu mbili tupu. Profesa akamwambia azisaini nazo kabisa, ikitokea dawa mpya yeye mwenyewe ataandika jina juu. Wauguzi wote wa wodi ile husaini mapema dawa za kawaida, vitamini na za presha, kwa sababu wauguzi wawili hawawezi kutoa dawa na kuandika kwa wakati mmoja. Safu tupu alikuwa hajawahi kusaini. Siku ile alisaini.

"Alisema, weka tu saini zako, mwanangu, tusije tukaaibika mbele ya wageni."

Kalamu ya Mkaguzi ilisimama kidogo kwenye neno moja, kisha ikaendelea.

"Mbona hukusema hili tangu mwanzo?"

"Kusaini safu tupu ni kufukuzwa. Na ningeonekana namsingizia. Yule baba ndiye aliyenitetea mwaka juzi walipotaka kunitoa. Hawezi. Kuna mtu mwingine ameingia akaandika."

"Kabati la dawa lina funguo ngapi? Daftari lake linaonyesha vichupa arobaini na viwili vimetoka kwa jina la kitanda cha tano."

"Mbili. Wangu, ambao humwachia wa zamu, na wa Profesa." Aliposikia alichokisema, akakirudia polepole, kama mtu anayehesabu watoto akakuta mmoja hayupo. "Wangu, na wa Profesa."

*

Maabara ilikuwa jengo la nyuma, na msimamizi wake aliitwa Bahili. Jina hilo alipewa kwa sababu hakutupa kitu. Vifuniko, maboksi, kalenda za miaka iliyokwisha, vyote vilikuwa rafuni vimepangwa kwa mwaka. Kila karatasi iliyopita kwenye dirisha lake ilipigwa mhuri wa tarehe na saa papo hapo, kabla hajaisoma; kadi ya mwaliko wa harusi ya jirani ilikuwa ukutani na mhuri wake.

"Mke wangu anasema hata hasira zangu nazihifadhi kwa tarehe," alisema. "Unatafuta nini, dada?"

Alitafuta damu ya kitanda namba tano. Damu ya wagonjwa wa utafiti huchukuliwa kila Jumatatu alfajiri kabla ya kula, huzungushwa kwenye mashine, maji yake ya njano hugandishwa ndani ya nusu saa. Jumatatu ya tarehe nne ilikuwa siku ya dozi ya kwanza, damu ikiwa imetangulia. Jumatatu ya tarehe kumi na moja ilikuwa alfajiri baada ya dozi ya mwisho.

Bahili alisema kichupa cha tarehe nne kipo. Cha tarehe kumi na moja kiliagizwa kiharibiwe.

"Na kimeharibiwa?"

"Kingekuwa kimeharibiwa. Lakini tanuri la taka limekufa tangu tarehe nane. Fundi wake anakuja kesho, na kesho hiyo ina wiki mbili sasa. Sasa mimi nikiweke damu ya mtu kwenye pipa kinuke? Kipo kwenye friza, ndani ya mfuko wa njano, kinasubiri moto."

"Nionyeshe karatasi iliyoagiza."

Akampa jalada jembamba. Ombi la juu liliandikwa kwa mkono anaoufahamu: *Sampuli ya tarehe 11, kitanda namba 5, iharibiwe bila kupimwa. Mgonjwa amepewa antibayotiki.* Saini ya Profesa. Juu yake mhuri wa zambarau wa Bahili: tarehe 11, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Mkaguzi alifungua daftari lake akaliweka pembeni. Tarehe kumi na tano, ilikuwa imeandikwa pale, na mstari chini yake.

Aliuliza kama mhuri unaweza kukosea siku. Bahili aliudhika kidogo. Akamwonyesha karatasi iliyopokelewa kabla ya ile na iliyopokelewa baada yake. Zote za tarehe kumi na moja, saa zikifuatana kama mchwa.

Chini ya ombi hilo kulikuwa na mengine matatu, ya miaka miwili. Sababu moja kwa yote: antibayotiki. Kila moja lilikuwa na namba ya moshi ya wiki ya kwanza, na namba zote zilikuwa juu. Ombi la pili lilihusu dereva wa lori. Nyuma yake ilibanwa nakala ya kibali cha kumtoa, na mwisho wa kibali saini ya mtu wa nje aliyesoma jalada na kuridhika. Mkaguzi hakuhitaji miwani kuitambua. Ilikuwa yake.

Alifunga jalada. Akaomba nakala za maombi yote manne, kisha akaomba vichupa vitatu, mkanda mweupe na kalamu.

Alifunika lebo zote kwa mkanda akiwa amempa Bahili mgongo, akaandika A, B, C.

"Unanipima mimi au unapima damu?" Bahili aliuliza.

"Nakulinda. Baadaye watauliza kama ulijua ni damu ya nani."

Mashine ilichukua saa tatu. Saa nane kasorobo Bahili alitoa karatasi. A: nukta nne. B: nane nukta saba. C: nane nukta tisa. Mkaguzi alimwita mlinzi wa mlangoni aje ashuhudie, akabandua mkanda mbele yao wote wawili. A alikuwa mtu wa kitanda cha nne, tarehe kumi na moja, aliyepewa antibayotiki zile zile wiki ile ile. Kabla ya hapo alikuwa na sita. Moto wake ulikuwa umezimwa, moshi umekwisha. B alikuwa fundi, tarehe nne. C alikuwa fundi, tarehe kumi na moja.

Bahili aliangalia namba ya C, halafu akaangalia ombi la kuharibu. Hakufanya mzaha. Alichukua mhuri wake akaupiga kwenye karatasi ya majibu, taratibu, akapuliza wino ukauke.

*

Profesa alikuwa ameshavaa tai kwa ajili ya jopo. Mkaguzi alikataa kiti kikubwa, akakaa cha mgeni, akamsomea namba tatu bila maelezo. Hakuhitaji maelezo; ni yeye aliyeifundisha dunia maana yake.

Profesa alifikiri kwa muda mfupi sana.

"Basi Sista ni mbaya kuliko nilivyodhani," alisema. "Alinakili vibaya, akachukua dawa kabatini, akasaini, na hakumdunga. Zimeenda wapi, Mungu anajua. Nami nilikuwa namtetea."

"Inawezekana."

"Si inawezekana, ndiyo hivyo. Damu yenyewe imesema."

"Damu imesema fundi hakupewa dawa. Haijasema nani alijua." Akaweka ombi la kuharibu mezani, mhuri ukimwelekea yeye. "Uliniambia ulijua tarehe kumi na tano. Hii ni ya tarehe kumi na moja. Siku hiyo karatasi ya wiki ilikuwa bado inaning'inia kitandani na hakuna mtu aliyekuwa ameisoma. Ulijuaje?"

Mkaguzi aliendelea kwa mpangilio, kama alivyofunzwa. Mtu anayeamini kwamba fundi amepewa antibayotiki hana sababu ya kuogopa kichupa cha tarehe kumi na moja, kingemuunga mkono. Aliyetaka kisipimwe ni yule aliyejua kitatoa moshi. Safu tupu zilisainiwa tarehe tatu kwa agizo lake. Ufunguo wa pili ni wake. Na mgonjwa ambaye damu yake ilisema hatapona, alikuwa ameanza kukata gazeti.

Profesa alipanga kalamu zake tatu zikalingana vichwa.

"Wagonjwa mia mbili na sita," alisema. "Mia mbili na wawili wananyooka kama uzi. Wanne wanapinda. Unajua wakaguzi wa majarida wanafanya nini na wanne? Wanaua mia mbili na wawili. Alama hii ikikubaliwa, kila hospitali ndogo itajua kwa tone la damu nani wa kupewa mazoezi kwanza. Watu maelfu. Nami niache yote kwa ajili ya mkono mmoja?"

"Ni mikono minne."

"Mwanangu."

"Sista naye unamwita hivyo."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tano.

"Nina swali moja ambalo si la ripoti," Mkaguzi alisema. "Bodi ina wakaguzi sita. Kwa nini uliniomba mimi?"

Alimtazama kwa utulivu, karibu kwa upole, kama alivyokuwa akimtazama darasani akikosea hesabu ndogo.

"Kwa sababu yule dereva ulimpitisha kwa nusu siku. Hukuuliza damu iko wapi."

Mkaguzi aliliandika hilo pia, neno kwa neno, akageuza daftari na kumpa aweke saini. Hakuweka. Akaandika kwamba hakuweka, na saa.

*

Jopo lilikaa dakika kumi na nane. Mwenyekiti alisoma karatasi ya majibu, ombi lenye mhuri na maelezo ya Sista, akauliza kama Profesa angependa kusema chochote. Profesa alisema atazungumza akiwa na mwanasheria. Kitanda namba tano kikabaki kwa mwenyewe hadi miezi mitatu itimie, na utafiti ukasimamishwa siku ile ile. Sista alisimamishwa kazi wiki mbili kwa kusaini safu tupu. Hakubisha. Alimsubiri Mkaguzi kwenye korido, kofia yake mkononi.

"Alisema ni mimi?"

"Mara mbili."

Sista aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa dawa chungu aliyoitarajia, akaenda kumwambia binti wa fundi asipakie.

Mkaguzi aliingia chumba cha mashuka, kwa kuwa kilikuwa na mlango unaofungika, akapiga namba ya simu iliyokuwa kwenye nakala ya ombi la pili. Ilipokelewa na mke wa dereva wa lori. Alijitambulisha kuwa anatoka Bodi, akaomba kujua hali ya mgonjwa.

Yupo, mke alisema. Anakaa. Anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Walipotoka hospitali mguu ulikuwa umeshaanza kunyanyuka, akitembea kutoka kitandani hadi dirishani akijisifu kama mtoto. Nyumbani hawakujua waufanyie nini. Ukalala.

"Mlilalamika popote, mama?"

"Tulitaka. Shemeji yangu alishaandika barua. Tukaambiwa kuna mtu wa nje amesoma kila kitu, akaridhika. Basi, tungebishana na nani? Tukanyamaza."

Mkaguzi alimshukuru, akamwambia atampigia tena kesho, na kwamba barua ya shemeji, kama bado ipo, isitupwe. Kisha akaweka daftari juu ya mablanketi na kuandika maneno ya yule mama kama yalivyotoka, pamoja na saa. Akafungua fomu ya ripoti, kwenye sehemu ya watu waliohusika. Mstari wa kwanza aliandika Profesa. Wa pili, Sista. Wa tatu aliandika jina lake mwenyewe, na mbele yake, kwenye safu ya kosa: *Alisoma jalada. Hakuuliza damu.*